Fangasi ya ukeni haitafutwi kwenye damu

SWALI: Shikamoo daktari. Mwaka huu fangasi ukeni imenirudia mara nne. Juzi nimepimwa damu, nikaambiwa imeshaingia kwenye damu na ninunue dozi ya siku 60 ya kusafisha damu. Kuna kipimo kikubwa zaidi cha damu cha kuthibitisha? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba, ila mimi ni mtu wa maabara, si daktari. Hakuna, na hukihitaji. Hata hicho kidogo hukukihitaji.

Hii "fangasi ya kwenye damu" naisikia karibu kila wiki. Fangasi ikiingia kwenye damu kweli, mgonjwa yuko kitandani: yuko chumba cha mahututi, ana mpira kwenye mshipa mkubwa, anatibiwa saratani kwa dawa kali, au ni kichanga njiti. Ana homa isiyosikia antibiotiki. Hatembei na miguu yake kwenda kununua dozi. Na hata huyo, kuotesha damu yake maabara hukosa kuionyesha karibu nusu ya safari.

Wewe pengine ulipimwa kingamwili (askari wa mwili) za kandida, yaani fangasi huyo wa ukeni. Kandida anaishi mdomoni, tumboni na ukeni kwa watu wenye afya kabisa, kwa hiyo ukinipima mimi leo huenda nazo zikaonekana. Kipimo kinachokuta "ugonjwa" kwa mgonjwa na kwa aliyemsindikiza, kinapima nini?

Fangasi hutafutwa pale ilipo. Ya ukeni, uchafu unachukuliwa kwa kijiti chenye pamba, unatazamwa kwa hadubini palepale. Hapo tunatofautisha pia bakteria na kimelea cha trikomonasi, ambazo wengi huzimezea dawa za fangasi bure. Mapunye na kucha tunakwangua, tunadondoshea kemikali ya potasiamu haidroksaidi, tunatazama. Kwa kuwa yako inajirudia, omba sampuli ioteshwe: baadhi ya kandida, kama glabrata, hawasikii vizuri dawa ya flukonazo.

Damu yako ina kazi nyingine. Pima sukari, pima VVU. Sukari ikipanda, fangasi inapata shibe, na hutaimaliza kwa dawa yoyote ya ukeni. Nimeshaona mama aliyesafishwa damu miezi mitatu, sukari yake ikiwa 19, juu mno. Hakuna aliyemtoboa kidole.

Haki itendeke: kipo kipimo cha fangasi cha damu ninachokiheshimu, cha kriptokokasi, fangasi anayeshambulia ubongo, kwa wenye VVU ambao CD4 (seli za kinga) zimeshuka sana. Kinaweza kuikamata wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma, kabla fangasi haijafika kwenye utando wa ubongo. Huyo anayeuza dozi hana hicho.

Ana mashine ya kushika kirungu cha chuma inayochapa magonjwa ishirini kwa dakika moja. Ana glasi ya maji unayotemea mate asubuhi, yakining'inia anakutajia kandida. Hayo ni mate mazito ya mtu aliyetoka kulala. Na wanaochanganya vidonge vya ketokonazo, dawa ya fangasi, kwenye "dozi ya asili" wajue mamlaka ya dawa ya Ulaya ilishauri visimamishwe kwa fangasi tangu 2013, kwa sababu vinaumiza ini. Ukiwa umeshaanza kumeza chochote chao, acha, uende na chupa yenyewe hospitali wakupime na ini.