Modeli ya magonjwa ya mihogo inafaulu ofisini na kushindwa shambani: je, tununue kompyuta kubwa zaidi?

SWALI

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni afisa wa TEHAMA katika chama cha ushirika cha wakulima wa mihogo wilayani Tororo, Uganda. Mwaka jana tulipiga kwa simu picha za majani zipatazo 3,000 katika mashamba ya wanachama sita, na bwana shamba wetu akaziainisha: majani mazima, batobato na michirizi ya kahawia (magonjwa mawili ya virusi), na majani yaliyoshambuliwa na utitiri wa kijani. Tulichanganya picha zote, tukatenga asilimia 20 kwa ajili ya majaribio, na modeli, yaani programu inayojifunza kutambua ugonjwa kwa picha, ikapatia asilimia 96 ya majibu. Tulipoiweka kwenye simu za wakulima upande wa Busia, ikawa inaita batobato karibu kila jani, hata lile zima kabisa. Tumebakiwa na shilingi milioni sita. Wenzangu wanataka tununue kompyuta yenye kadi ya grafiki ili tufundishe modeli kubwa zaidi. Je, tufanye hivyo?

JIBU

Marahaba. Fedha hizo zitunzeni kwanza. Kadi ya grafiki ingewapunguzia muda wa kufundisha modeli, lakini isingebadilisha chochote katika yale ambayo modeli imefundishwa kuyatazama. Na modeli kubwa zaidi, ikipewa picha zilezile za mashamba sita, itayakariri mashamba hayo sita kwa ufundi zaidi. Kwa maelezo uliyonipa, naamini tatizo linaanzia kwenye ile asilimia 96, kwa sababu haikupimwa kwa haki.

Fikirieni namna picha zinavyopigwa. Mtu akisimama mbele ya shina la muhogo hapigi picha moja: hupiga tatu au nne za jani lilelile huku akisogeza simu kidogo, kisha hugeukia jani jingine la shina hilohilo. Mlipozichanganya picha zote na kutenga sehemu ya tano bila mpangilio, picha moja ya jani iliangukia upande wa mafunzo na pacha wake upande wa majaribio, kwa hiyo modeli iliulizwa kuhusu jani ambalo ilikuwa imeonyeshwa tayari pamoja na jibu lake. Hata pale majani yalipotofautiana, udongo ulikuwa uleule, mwanga ni wa saa ileile, simu ni ileile, na pengine hata kidole gumba kilichoshika jani ni kilekile.

Jambo hili huwa baya zaidi pale ugonjwa na shamba vinapokwenda pamoja, na nina shaka kwamba ndivyo ilivyo kwenu. Mwanachama aliyepanda mbegu iliyoboreshwa, tuseme NASE 14, ana mihogo mingi mizima; jirani yake mwenye mbegu ya kienyeji ana batobato tele. Ikiwa picha za majani mazima zilitoka zaidi kwa wa kwanza na za batobato zaidi kwa wa pili, modeli inaweza kufikisha asilimia 96 kwa kutofautisha aina za mbegu, rangi ya udongo au kivuli cha miti ya mpakani, bila kujua lolote kuhusu ugonjwa. Ikifika Busia, kwenye mbegu nyingine na udongo mwingine, inabaki kubahatisha.

Watafiti wakubwa nao wamekutana na hali hii. Mwaka 2016 Sharada Mohanty, David Hughes na Marcel Salathé walichapisha matokeo ya modeli iliyofundishwa kwa mkusanyiko wa PlantVillage, wenye picha 54,306 za mazao 14 na magonjwa 26. Ilipopimwa kwa picha zilizotengwa ndani ya mkusanyiko huohuo, ilipata asilimia 99.35, ilipopimwa kwa picha zilizopigwa katika mazingira mengine, ilianguka hadi asilimia 31 hivi. Wenyewe waliyaandika yote mawili waziwazi, ingawa wengi walioinukuu kazi hiyo walibeba ile 99 na kuiacha 31 palepale. Mwaka 2022 mtafiti mwingine, Mehmet Alican Noyan, alichukua picha za mkusanyiko huo na kuipa modeli pikseli nane tu (nukta ndogo zinazounda picha) za pembezoni mwa kila picha, pasipo jani lenyewe. Ilipatia karibu nusu ya majibu, ilhali kubahatisha tu kungetoa chini ya asilimia 3.

Jaribio la aina hiyo mnaweza kulifanya wenyewe mchana mmoja. Chukueni picha 200 za majaribio, muweke pande jeusi juu ya jani katika kila picha ili pabaki udongo, nyasi na vidole, kisha muipe modeli. Ikiwa bado inapatia sehemu kubwa, mtakuwa mmepata ushahidi kwamba haitazami jani.

Baada ya hapo, gaweni picha upya kwa mashamba. Fundisheni kwa mashamba matano, mpime kwa la sita. Rudieni mara sita hadi kila shamba liwe limepata zamu ya kuwa la majaribio. Msiangalie wastani peke yake: shamba lililopata alama mbaya kuliko yote ndilo linalowaeleza modeli itafanya nini kwa mkulima msiyemjua. Naweza kuwahakikishia kwamba tarakimu itashuka, na wenzako wanaotaka kompyuta watasononeka, lakini hiyo ndiyo tarakimu ya kumpelekea mwenyekiti wa chama. Sharti la kugawa hivi ni kwamba kila picha iwe na namba ya shamba na namba ya shina. Kama hamkuziandika, tarehe na saa zilizohifadhiwa ndani ya faili za picha zitawasaidia kuzirudisha kwenye makundi yake, isipokuwa zile zilizotumwa kwa WhatsApp, maana huko taarifa hizo hufutwa na picha yenyewe hubanwa.

Sasa, kwa nini batobato, na si jina jingine? Hesabuni picha za kila kundi. Katika mkusanyiko wa picha za mihogo zilizopigwa hapa Uganda, ambao maabara ya akili mnemba ya Chuo Kikuu cha Makerere iliutayarisha pamoja na wataalamu wa taasisi ya utafiti wa mazao ya Namulonge, na ambao uliwekwa kwenye shindano la Kaggle, tovuti ya mashindano ya modeli, lililoanza mwaka 2020, picha za mafunzo zilikuwa 21,397, na kati ya hizo 13,158 zilikuwa za batobato. Modeli mvivu inayojibu "batobato" kwa kila kitu ingepata zaidi ya asilimia 61 katika mkusanyiko huo bila kutazama chochote. Nadhani picha zenu nazo zimeelemea upande huohuo, kwa kuwa batobato ndiyo inayoonekana kwa urahisi. Modeli ikikuta jani la mazingira mapya lisilofanana na kitu chochote ilichofundishwa, hukimbilia jina ililolisikia mara nyingi zaidi. Ongezeni uzito wa makundi yenye picha chache wakati wa kufundisha, yaani kosa katika makundi hayo lihesabiwe kuwa kubwa zaidi, na mtoe ripoti ya kila ugonjwa peke yake: kati ya majani 100 yenye michirizi ya kahawia, modeli imeyatambua mangapi?

Zaidi ya hayo, modeli yenu haina ruhusa ya kusema haijui. Imejengwa igawe asilimia 100 kati ya majina manne, basi hata mkiionyesha jani la maharage itachagua moja kati ya hayo manne. Wekeni kiwango cha chini cha uhakika ambacho modeli isipokifikia, simu iandike "sijatambua, piga picha nyingine". Tena ongezeni kundi la tano la picha zisizo za muhogo, pamoja na zile zenye ukungu na zilizopigwa gizani. Kiwango chenyewe kipimeni kwa picha za Busia, kwa sababu modeli za aina hii huwa na uhakika mkubwa hata pale zinapokosea.

Upande wa mimea kuna mambo mawili ambayo sisi watu wa kompyuta huyapuuza. Dalili za batobato huonekana vizuri kwenye majani machanga ya juu, ilhali michirizi ya kahawia hujitokeza zaidi kwenye majani yaliyokomaa ya chini, kama madoa ya njano yanayofuata mishipa ya jani. Lakini jani la chini hugeuka njano hata kwa uzee au ukame. Mkulima wa Busia asipoelekezwa apige jani la wapi, atapiga lililo karibu na mkono wake, na njano ya uzee itapewa jina la ugonjwa. Programu iombe picha mbili za kila shina, moja ya juu na moja ya chini. Jambo la pili ni vidoto vya utitiri wa kijani, ambavyo ni vidogo kama ncha ya sindano. Modeli nyingi zinazotumika kwenye simu, MobileNetV2 ikiwemo, kwa kawaida hupokea picha ya pikseli 224 kwa 224, na picha ya simu yenye pikseli 4,000 kwa upana ikipunguzwa hadi hapo, vidoto hivyo huyeyuka na jani huonekana limepauka tu. Hapa ukubwa wa modeli hausaidii: kateni kipande cha katikati ya jani kabla ya kupunguza picha, au ongezeni ukubwa wa picha inayopokelewa, mkikubali kwamba simu itachelewa kidogo kujibu.

Ningependa pia bwana shamba wenu apate mwenzake. Wapeni watu wawili picha 200 zilezile, kila mmoja aziainishe bila kumwona mwingine, kisha mlinganishe. Wakikubaliana katika picha 170 tu, yaani asilimia 85, basi ile 96 mliyoipata ilikuwa inapima namna modeli inavyoiga mazoea ya mtu mmoja. Michirizi ya kahawia huwapotosha hata wazoefu, kwa kuwa shina linaweza kuwa na majani yasiyotisha huku viazi vyake chini vimeoza kwa mabaka makavu ya kahawia. Kwa picha mnazozitilia shaka, ng'oeni shina, mkate kiazi na mwandike mlichokiona. Palipo na ubishi, kipimo cha maabara ndicho cha mwisho.

Hata modeli ikitengenezwa vizuri, pigeni hesabu hii kabla ya kuamua ujumbe utakaosomwa na mkulima. Chukueni mashina 1,000 ambayo 50 tu yana michirizi ya kahawia. Modeli inayonasa mashina 9 kati ya kila 10 yenye ugonjwa, na inayokosea shina 1 kati ya kila 10 yaliyo mazima, itanasa 45 ya kweli na kuyasingizia mashina 95 mazima. Maonyo ni 140, ya kweli hayafiki theluthi. Programu ikimwambia mkulima "ng'oa", atang'oa mashina mawili mazima kwa kila moja lenye ugonjwa, na wiki ijayo ataifuta programu hiyo kwenye simu yake, nami nisingemlaumu. Ujumbe useme shina hilo lichunguzwe, na umwelekeze namna ya kulichunguza.

Kuhusu zile milioni sita, zigeuzeni ziwe nauli za boda boda, vifurushi vya data na posho ya mtu wa pili wa kuainisha. Picha 30 kutoka katika kila shamba kati ya mashamba 60 zitawafaa kuliko picha 500 kutoka katika kila shamba kati ya sita, ingawa jumla yake ni ndogo zaidi. Pigeni asubuhi na adhuhuri, siku ya jua na siku ya mawingu, kwa simu za bei nafuu ambazo wakulima wanazo mfukoni, na katika kila shamba mpige majani yenye ugonjwa na yaliyo mazima, ili shamba lisiwe ndilo jibu. Mashamba kumi ya Busia, yasiyo yale ya kupimia kiwango cha uhakika, yatengwe kabisa, yasiguswe hadi siku ya kupima. Picha za Makerere nilizozitaja zinapatikana bure na zinaweza kuongezwa kwenye mafunzo, mradi mkumbuke zilivyoelemea batobato. Kompyuta ya kufundishia mtaipata mtandaoni bila malipo kwenye Kaggle au Google Colab kwa saa kadhaa kila wiki, na kwa picha elfu chache saa hizo zinatosha. Modeli ikiwa tayari, zigeuzeni namba zilizomo ndani yake kutoka biti 32 hadi biti 8, yaani kila namba ichukue nafasi ndogo zaidi, na faili litapungua hadi karibu robo na simu itafanya kazi pasipo intaneti.

Mkianza kukusanya upya, mwombeni kila mkulima idhini kabla ya kupiga picha, kwa sababu mahali shamba lilipo, jina na namba ya simu ni taarifa zake binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019. Majina yawekwe katika faili lake peke yake lenye nywila, na picha zibebe namba ya shamba tu. Kwa kugawa mafunzo na majaribio, modeli haihitaji zaidi ya namba hiyo.