Udongo wa Mlimani na Rangi Isiyokauka

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkazi wa Kirumba, Mwanza, ninayejifunza uchoraji. Nilichimba udongo mwekundu na wa manjano mlimani, nikautwanga, nikauchanganya na mafuta ya alizeti ya kupikia, kisha nikapaka moja kwa moja kwenye turubai ya pamba. Hii ni wiki ya nne, na picha bado inanata, ina chenga, na mafuta yametokeza nyuma ya kitambaa. Je, udongo wetu haufai?

JIBU: Ndugu msomaji, udongo wako hauna hatia. Rangi yake hutokana na oksidi za chuma, kama ilivyo katika ngeu waliyotumia maseremala kupigia mistari, na jua haliipaushi upesi kama linavyopausha rangi nyingi za majani na maua.

Kosa kubwa limo katika mafuta. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo iliyoanikwa, yaani kwa kupoteza maji, bali mafuta huvuta oksijeni ya hewani hadi yakagandamana kuwa ngozi ngumu, na si kila mafuta yana uwezo huo. Ya mbegu za kitani yanao. Ya alizeti hukauka polepole mno na kuacha tabaka laini. Mawese hayakauki kabisa. Tafuta ya kitani, hata kama bei yake itakuuma.

Turubai nayo ilihitaji kinga, kwa sababu mafuta yakiingia kwenye nyuzi huzidhoofisha mwaka hadi mwaka. Ipake kwanza praima (rangi ya kutangulizia) nyeupe ya akriliki, mikono miwili, yaani matabaka mawili, na uache kila mkono ukauke.

Chenga ni mchanga tu. Koroga udongo katika ndoo ya maji, subiri kidogo mchanga utuame, kisha mimina maji yenye tope katika ndoo nyingine na uyaache usiku kucha. Tope laini litakalobaki chini likaushe, ulisage upya, ndipo ulisugue na mafuta juu ya kioo kwa subira, ukiongeza mafuta kidogo kidogo. (Ule wa manjano, ukiukaanga kwenye kikaango kikavu chenye moto mkali, hugeuka mwekundu, jaribu kijiko kimoja.)

Picha uliyonayo usiipake rangi nyingine juu, kwani tabaka gumu likikaa juu ya tabaka bichi hupasuka. Anza na turubai mpya. Vitambaa utakavyofutia mafuta ya kitani vitie majini kabla ya kuvitupa, maana vikirundikwa hupata joto na vinaweza kuwaka vyenyewe.