Wahusika wangu hawaishi kutikisa kichwa

SWALI: Ninaipitia upya rasimu ya riwaya yangu, na karibu kila ukurasa kuna mtu anayetikisa kichwa au kushusha pumzi. Je, nitafute visawe? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Visawe nisingeanza navyo. Ukiweka “alipumua kwa kina” mahali pa “alishusha pumzi”, pumzi ni ileile, imebadilishwa nguo tu. Kutikisa kichwa nako kuna utata wake: wapo wanaokutumia kwa kukataa na wapo wanaokutumia hata kwa kukubali, ilhali kukubali kuna usemi wake, yaani kuitikia kwa kichwa.

Hesabu kwanza. Unapotafuta katika kompyuta, usiandike “alitikisa”, kwa sababu “akatikisa”, “akitikisa” na “walitikisa” yatakuponyoka. Andika “tikis” pekee, nayo yatajitokeza yote, pamoja na “alitikiswa”. Kisha soma kila tukio na ujiulize kama kitendo hicho kinamwambia msomaji jambo ambalo maneno ya mhusika hayajamwambia. Tazama mfano huu:

“Siendi,” Salma alisema. Salma alitikisa kichwa. Juma alishusha pumzi. “Mama atasikitika,” Juma alisema.

Neno “siendi” limekwisha kukataa, kwa hiyo kichwa hakina kazi. Jina nalo halihitaji kurudiwa, maana kiambishi cha nafsi kimo ndani ya kitenzi, na “-ka-” huunganisha vitendo bila kulazimisha “kisha” wala “halafu”. Mimi ningeandika hivi:

“Siendi,” alisema Salma, akaendelea kuchambua mchele.
“Mama atasikitika.”
Akaokota chuya moja kwenye ungo, akaitupa uani.

“Alisema” limebaki, nami silionei haya, kwa kuwa msomaji hulipita bila kulitazama. Kinachomkwaza ni mwandishi anayelikimbia kwa “alinena”, “alitamka” na “alilonga” katika ukurasa mmoja. “Alifoka” na “alinong’ona” ni habari nyingine, kwani hayo yanaeleza sauti.

Usifute kila marudio, hata hivyo. Takriri ni mbinu inapokusudiwa. Bibi anayepapasa fundo la pesa kwenye pindo la khanga yake kila mjukuu anapotaja ada ya shule anaweza kufanya hivyo mara tatu, na mara ya nne, vidole vikikuta pindo halina fundo, hutahitaji kueleza kwamba ada imelipwa.