Mlio wa piii haufuti tusi

SWALI: Mimi ni mhariri wa kipindi cha kupiga simu katika redio ya umma. Juzi mpiga simu alimtukana mgeni wetu hewani. Kwenye marudio tukaweka mlio wa piii juu ya tusi, lakini wasikilizaji wawili wameandika kulalamika kwamba wamelisikia neno zima. Tuongeze sauti ya mlio? Halafu kuna muuzaji anatuambia ana programu inayokamata matusi yenyewe, bila mtu. Tuinunue?

JIBU: Msiongeze sauti ya mlio, ndugu yangu. Wasikilizaji wenu wamesema kweli, na barua kama yako nimezijibu mara nyingi mno.

Umeandika kwamba mliweka mlio “juu ya tusi”. Kosa limeanzia hapo. Mlio ule kwa kawaida ni wa hezi 1000 (mitetemo 1000 kwa sekunde), mstari mmoja mwembamba tu, wakati sauti ya mtu imetandaa kuanzia chini ya hezi 200 hadi elfu kadhaa. Mkiuweka juu bila kuifuta sauti iliyo chini yake, neno linapita pembeni. Lazima sauti yenyewe iondolewe kwanza.

Na hata mkiiondoa, wengi hukata silabi ya katikati tu na kuacha kichwa na mkia wa neno, wakiamini kazi imekwisha. Mwaka 1970 mwanasaikolojia Richard Warren wa Marekani alikata sauti moja katikati ya neno lililorekodiwa, akabandika kikohozi mahali pake, kisha akawasikilizisha watu 20. Kati yao 19 walisema hakuna sauti iliyokosekana. Alipobandika mlio badala ya kikohozi, mambo yakawa yale yale. Alipoacha kimya kitupu ndipo watu wakaweza kuonyesha pengo liko wapi. Kwa hiyo piii fupi inamsaidia msikilizaji kulijaza tusi mwenyewe, tena kwa uhakika! Kateni neno zima pamoja na viambishi vyake, kuanzia pumzi inayolitangulia, na muache kimya. Mimi huondoa sentensi nzima. Kipindi hakipungukiwi chochote.

Sasa huyo muuzaji. Hapa sitakuwa mpole, kwa sababu wauzaji wa namna hii wanawapotosha watu wenye nia njema. Mwombe akufungulie orodha ya maneno ya programu yake. Kiswahili hubandika viambishi mbele na nyuma ya mzizi, kwa hiyo programu inayotafuta neno kamili tu itapitwa na matusi mengi. Ikitafuta vipande vya maneno, itakata “kumaliza” na “kumaanisha”, maana herufi nne za mwanzo unazijua. Vilevile “mbwa” ni neno safi kabisa daktari wa mifugo anapoeleza chanjo. Mpiga simu akimwambia mgeni wenu “mbwa wewe”, hilo ni tusi. Na mtu anaweza kulidhalilisha kabila zima kwa lugha ya adabu bila kutamka neno hata moja lililomo kwenye orodha. Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua mwaka 1978, kwa kura 5 dhidi ya 4, kesi ya redio ya New York iliyorusha matusi ya mchekeshaji saa nane mchana, ilisisitiza kwamba mazingira ndiyo yanayopimwa: saa ya kurusha, aina ya kipindi, na watoto walio karibu na redio.

Fedha hizo mlipeni mtu wa kukaa kwenye kitufe cha mtambo wa kuchelewesha (unaorusha sauti sekunde chache, tuseme saba, baada ya kusemwa; kitufe hufuta sekunde hizo), asiye na kazi nyingine kipindi kikiwa hewani. Afundishwe kukata laini ya simu kwanza, ndipo abonyeze. Akibonyeza kabla, zile sekunde saba za akiba zinaondoka na mpiga simu bado yuko hewani. Tusi la pili litatoka lilivyo, maana mtambo huhitaji muda kuzirudisha. Hakikisheni pia matangazo ya intaneti yanachukuliwa baada ya mtambo huo.

Kuna jambo linaloniumiza zaidi ya matusi yenyewe. Orodha hizi huwa hazifupishwi. Kila anayelalamika anaongezewa neno lake, na nimewahi kufunguliwa moja ambayo ndani yake mlikuwa na “mwizi” na “fisadi”. Hayo si matusi. Ni maneno ambayo raia anayahitaji anapozungumza kwenye redio inayolipiwa na kodi yake. Kituo kikiiachia programu kazi hiyo, anayepiga kuuliza fedha za umma zimekwenda wapi atakatwa katikati ya swali, na studioni hakuna atakayejua kwamba alikatwa.