Muhina na kinyama chekundu puani: kikatwe?

Swali: Assalamu alaykum daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka 15, anasoma skuli hapa Wete. Tangu Ramadhani tundu lake la pua la kulia limeziba, na muhina unamtoka bila ya kugongwa wala kujichokoa. Dawa za mafua na za mzio hazijasaidia. Juzi tabibu wa kituoni kammulika, kaona kinyama chekundu ndani kabisa, anataka kukikata kidogo kipelekwe maabara. Nikubali?

Jibu: Waalaykumu salaam mama. Usikubali kikatwe hapo kituoni. Kwa mvulana wa umri huu, pua iliyoziba upande mmoja pamoja na muhina wa kujirudia, ninachokifikiria kwanza ni angiofibroma, yaani uvimbe uliojaa mishipa ya damu. Si saratani. Huwapata karibu wavulana peke yao, wengi wakiwa wanabaleghe, na huanzia nyuma kabisa ya pua. Hatari yake ni damu: mishipa iliyomo ndani ina kuta nyembamba zenye misuli haba, hivyo ikikatwa haijikazi ikaziba. Kipande cha ukubwa wa punje ya mchele chaweza kumwaga damu ambayo pamba za kituoni hazitaizuia.

Kinachoutambulisha ni picha. Kwenye CT skani ya dawa ya mshipani, uvimbe hung'aa sana, na mara nyingi ukuta wa nyuma wa sainasi ya shavuni huonekana umesukumwa mbele ukapinda. MRI huonyesha kama umekaribia jicho au ubongo. Picha hizo, kamera ya puani na umri wake kwa kawaida vinatosha. Nyama yenyewe hupimwa baada ya operesheni.

Tiba ni operesheni, siku hizi mara nyingi kwa kamera kupitia puani, bila ya kupasua uso. Siku moja hadi tatu kabla yake, mtaalamu wa radiolojia hupitisha mrija mwembamba kutoka mshipa wa kinena mpaka kwenye mishipa inayoulisha uvimbe, akaiziba kwa chembe ndogo ndogo. Hatua hii hupunguza sana damu inayopotea, kwa hiyo hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, wakimpa rufaa ya kwenda Muhimbili, Dar es Salaam, msidhani mnasukumwa. Ulizeni kama itafanyika, na watayarisheni ndugu wa kuchangia damu. Uvimbe huu unaweza kurudi, basi miadi ya picha za baadaye msiiache.

Si kila kinyama chekundu ni hiki. Iko hemanjioma, uvimbe mwingine wa mishipa ya damu, ambayo mara nyingi hukaa mbele, kwenye ukuta wa katikati ya pua, na huwapata hata wajawazito. Hiyo hukatwa na shina lake, au kwa mjamzito husubiriwa ajifungue, maana nyingine hunywea zenyewe. Cha mwanao kiko ndani, ndiyo maana nina wasiwasi.

Kabla ya safari apimwe wingi wa damu. Asipewe aspirini wala diklofenaki. Akiumwa kichwa, parasetamoli. Muhina ukianza akae kitako, ainamie mbele, abane sehemu laini ya pua mfululizo kwa dakika 10 hadi 15, na damu inayoingia mdomoni aiteme. Msimlaze chali. Usipokatika, mpelekeni hospitali usiku huo huo, na mwambieni daktari wa zamu tangu mlangoni kwamba kuna uvimbe puani, asije akauvuta akidhani ni bonge la damu.