Sauti ya Simu Hupita Angani au Chini ya Bahari?

SWALI: Ndugu Mhariri, dada yangu anaishi bara jingine, nasi huzungumza kwa simu ya mkononi kila wiki. Siku zote nimeamini kwamba sauti zetu hupanda hadi kwenye setilaiti kisha zikashuka upande wa pili, lakini rafiki yangu anashikilia kuwa hupita katika waya uliolazwa chini ya bahari. Ikiwa ni kweli, mbona simu yangu haina waya?

JIBU: Ndugu msomaji, rafiki yako yuko sahihi. Simu yako haina waya katika kipande cha kwanza tu cha safari. Unapozungumza, simu huipima sauti yako maelfu ya mara kwa kila sekunde na kuandika vipimo hivyo kwa tarakimu mbili tu, yaani 0 na 1, ambazo mawimbi ya redio huzibeba hadi kwenye mnara ulio karibu, kwa kawaida kilomita chache tu kutoka ulipo. Kuanzia hapo, sehemu kubwa ya njia ni waya.

Waya huo una nyuzi za kioo, kila uzi mwembamba kama unywele, na ndani yake tarakimu zako husafiri kama mwanga wa leza unaomweka kwa kasi kubwa mno. Mwanga hautoroki nje kwa sababu kiini cha uzi kimezungukwa na kioo cha aina nyingine kidogo, kinachourudisha ndani kila unapogusa ukingo. Mwaka 1966 mwanasayansi Charles Kao alionyesha kwamba kinachomeza mwanga ni uchafu uliomo katika kioo, wala si kioo chenyewe. Kwa kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Kebo ya kwanza ya namna hii kuvuka Bahari ya Atlantiki ilianza kazi mwaka 1988.

Imani yako haikutoka hewani, kwani kwa miaka mingi simu nyingi za mabara kwa kweli zilipita kwenye setilaiti. Tatizo lilikuwa umbali: setilaiti hizo ziko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, hivyo neno lako lilihitaji takribani robo sekunde kumfikia dada yako, na jibu lake robo nyingine, mkawa mnakatizana maneno bila kukusudia. Katika kebo ya kilomita 10,000, mwanga hutumia sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Setilaiti bado zina thamani kubwa melini, jangwani na penye maafa, mahali ambapo kebo haifiki.

Kebo nazo hukatika, hasa kwa nanga na nyavu za uvuvi. Mawasiliano huelekezwa kwenye kebo nyingine, huku meli maalumu ikivuta ncha zilizokatika kutoka chini ya bahari na mafundi wakiziunganisha nyuzi za kioo, mmoja mmoja, kwa kuziyeyusha.