Kifaranga mwenye miguu mibovu: kagua kwanza, plasta baadaye

Wafugaji wengi ninaowajua wakikuta kifaranga asiyeweza kusimama hufanya moja kati ya mawili: humtupa, au humfunga plasta papo hapo. Nafuga kuku wa kienyeji na chotara, natotolesha kwa mashine na kwa kuku wenyewe, na nimeona wengi waliokuwa watupwe wakikua na kutaga. Ila miguu mibovu si tatizo moja, na tiba ya hili haisaidii lile.

Kwa hiyo kabla ya lolote, mlaze kifaranga kiganjani na umpapase mguu kuanzia nyonga hadi ncha za vidole. Jiulize: vidole vimenyooka? Kile kiungo cha katikati, ambacho wengi tunakiita goti, kimevimba? Ana umri gani? Na je, ni yeye peke yake au wako kadhaa? Hilo swali la mwisho ndilo ninalolipa uzito kuliko yote. Akiwa mmoja, mara nyingi ni ajali ya kutotolewa. Wakiwa wengi, angalia chakula au mashine.

Kifaranga wa siku moja aliyepiga msamba, kila mguu umekwenda upande wake lakini vidole viko sawa na goti halijavimba, ndiye mwenye matumaini makubwa. Kinachomponza sana ni sakafu ya utelezi: magazeti, plastiki, trei laini ya mashine. Joto la mashine lisilotulia pia huchangia. Yenye feni inatakiwa ikae karibu na nyuzi 37.5. Kata kipande chembamba cha plasta ya kitambaa, ukizungushe kila mguu kati ya goti na unyayo, ukiacha nafasi ya kama sentimita 2 hadi 2.5 kati ya mguu na mguu ili miguu ikae chini ya mwili kama ya mwenzake mzima. Usikaze. Vidole vikivimba, vikibadilika rangi au vikiwa vya baridi, fungua mara moja. Kila siku fungua, mtazame anavyosimama, umfunge upya, maana hukua haraka na plasta ya jana leo inabana. Wengi husimama wenyewe ndani ya siku 2 hadi 4. Ukimwacha hadi wiki ipite, mifupa imeshakomaa katika upinde ule na kazi inakuwa ngumu mno.

Katika siku hizo mtenge na wenzake, kwa sababu humdonoa na kumkanyaga, lakini awaone na kuwasikia, la sivyo atalia na kukataa kula. Maji yake yawe kwenye kifuniko kifupi chenye vijiwe, maana kifaranga aliyefungwa miguu huzama kwenye maji ambayo wewe huyaoni kuwa ni kina. Nimekuwa nikimshika mwenyewe na kumchovya ncha ya mdomo majini mara kadhaa kwa siku.

Vidole vilivyopinda vinahitaji umakini zaidi. Ikiwa ametoka kwenye yai leo na vidole vya mguu mmoja vimelala upande, mtengenezee kiatu: kata kadibodi ngumu ya boksi la dawa, nyoosha vidole juu yake kimoja kimoja, bandika plasta. Siku 2 au 3 hutosha. Lakini ikiwa ana wiki moja na nusu au mbili, vidole vya miguu yote vimejikunja kwa ndani kama ngumi, anatembea kwa magoti, na wenzake wanaanza kufanya vivyo hivyo, kiatu hakitasaidia. Huo ni upungufu wa vitamini B2, na unaharibu neva za miguu. Wape vitamini za kuku zenye B2 kwenye maji, na ini lililochemshwa na kukatwakatwa. Maji hayo yabadilishe kila siku na uyaweke kivulini, kwa sababu mwanga huiharibu vitamini hii. Wahi: neva zikishaumia kwa muda mrefu hazirudi.

Chanzo chake mara nyingi ni mahindi matupu. Mahindi yana B2 kidogo, na madini ya manganizi kidogo pia. Manganizi ikikosekana ndipo goti huvimba, kano ya nyuma huchomoka mahali pake na mguu hujipinda kwenda nje. Huyo huwa anaumia sana. Kano ikichomoka siku hiyo hiyo, mtaalamu anaweza kuirudisha; ikishakaa nje, ni huruma zaidi kumchinja kuliko kumwacha ajiburute. Na tafadhali, usiwape vifaranga chakula cha kuku wa kutaga eti kwa sababu ndicho kilichobaki stoo. Kina kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4, wakati kifaranga anahitaji karibu asilimia 1, na kalsiamu ikizidi humzuia kupata manganizi iliyomo.

Kuku aliyeshavuka wiki kadhaa akilala mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, usimfunge chochote. Shuku mahepe, ugonjwa wa virusi unaoitwa pia Marek. Mahepe hayana tiba. Kinga yake ni chanjo ya siku ya kwanza, na unaponunua vifaranga uliza kama wamechanjwa. Mtenge, muite mtaalamu wa mifugo.

Baada ya hapo rudi nyuma hadi kwa wazazi, hasa kama kila mtotoleo unakupa walemavu. B2 ya kifaranga wa siku moja imetoka kwenye yai, na ya yai imetoka kwenye alichokula mama. Kuku ambao mayai yao utayatotolesha wape majani mabichi na chakula kamili angalau wiki 2 kabla ya kuanza kukusanya mayai. Na jogoo mwenye vidole vilivyopinda tangu udogoni, hata awe mkubwa na mzuri kiasi gani, mle au muuze kwa nyama. Usimwache na mitetea.